Kozi ya bure ya hifadhi ya jamii: imemjali zaidi mwenye hati ya mshahara

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kwa hiyo kozi ya mtandaoni ya sera za ajira na hifadhi ya jamii duniani hainipiti hivi hivi, hasa ikiwa ya bure. Hii nimeimaliza. Sauti ni safi na video ni fupi, ila cheti unalipia.

Sehemu ya Ujerumani ndiyo bora kuliko zote. Bismarck, kansela wa Ujerumani wa enzi hizo, na bima yake ya ugonjwa ya 1883 anapitwa haraka, halafu mwalimu anatulia kwenye Kurzarbeit: kazi ikipungua, mwajiri anapunguza saa badala ya kupunguza watu, na bima ya kukosa ajira inafidia asilimia 60 ya mshahara wa mkononi uliopotea, au 67 kwa mwenye mtoto. Tukapewa mfanyakazi wa kubuni aliyekatwa nusu ya saa zake, tukokotoe wenyewe. Ukiweka mambo ya kodi pembeni, anabaki na asilimia 80 ya alichozoea. Ukishaipiga hesabu hiyo kwa mkono wako, unaelewa kwa nini Aprili 2020 karibu watu milioni 6 walikuwa kwenye mpango huo na hawakupewa barua za kuachishwa kazi.

Denmark nayo imeelezwa vizuri. Kumwachisha mtu kazi ni rahisi, lakini bima ya kukosa ajira, ambayo kujiunga ni hiari, hulipa hadi asilimia 90 ya mshahara, japo kuna kikomo kinachombana mwenye kipato kikubwa. Waajiri nikutanao nao mezani huikariri nusu ya kwanza tu.

Sasa lawama. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, takriban wafanyakazi 6 kati ya 10 wako kwenye ajira isiyo rasmi. Kozi imewatengea somo moja la mwisho, tena la mbio mbio. Sheria ya India ya 2005, iliyozipa kaya za vijijini haki ya kudai siku 100 za kazi kwa mwaka, imepata sentensi mbili. Monotributo ya Uruguay, ambapo mfanyabiashara mdogo hulipa kodi na mchango wa hifadhi ya jamii kwa malipo ya mkupuo mmoja, imepata slaidi moja. Nani anakusanya? Asiyelipa miezi kadhaa anapoteza nini? Jedwali la kukokotoa lilihitajika hapo kuliko kwingine kote, maana wanachama wanaonijia na maswali siku hizi wengi hawana mwajiri wa kumshika shati.

Na jaribio la mwisho lina kasoro ya wazi: mfanyakazi wa Kurzarbeit mwenye watoto wawili, jibu "sahihi" limewekwa 60. Nimewaandikia, bado kimya. Nyota tatu.