Sufuria ya Presto ya kusindika vyakula, baada ya misimu mitatu Saint Paul

Hapa Minnesota baridi kali ya kwanza huingia mara nyingi kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, na usiku mmoja wa barafu hutosha kuua bustani nzima. Mama mkwe, aliyekulia Kitui akikausha majani ya kunde juani ili yamfikishe msimu wa ukame, alitwambia mwaka tuliopanda bustani yetu ya kwanza kwamba jua la Oktoba la huku halikaushi kitu. Ndipo, ili tuhifadhi mavuno ndani ya chupa za kioo zilizofungwa, tukanunua sufuria ya presha ya Presto yenye ujazo wa lita 22 hivi, ile ya aluminiamu yenye geji ya mshale juu ya kifuniko, na sasa tumeitumia misimu mitatu.

Kwanza nieleze kwa nini sufuria ya kawaida haifai, kwa sababu jambo hili ni la uhai. Maharagwe, mboga za majani, malenge na nyama vina uchachu mdogo, na ndani ya chupa iliyofungwa isiyo na hewa, mbegu za bakteria wa botulizimu huweza kuamka na kutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, na mbegu hizo huzistahimili. Presha ndiyo inayopandisha joto hadi nyuzi 116 na zaidi, na hapo ndipo zinapokufa. Wenzetu wanaochemsha chupa za maharagwe ndani ya sufuria ya ugali kwa saa tatu wanajitaabisha bure, na wanahatarisha watoto wao.

Sufuria hii hubeba chupa saba za takriban lita moja kwa mara moja. Tunaweka lita tatu za maji chini, tunapanga chupa juu ya wavu wake wa chini, tunafunga kifuniko, kisha tunaacha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kupitia tundu la kifuniko kabla ya kuweka kizito, yaani kile kipande cha chuma kinachoziba tundu hilo, kwani hewa iliyobaki ndani hupunguza joto hata kama mshale unaonyesha presha kamili. Kwa geji ya mshale, mji wetu ulio chini ya futi 2,000 kutoka usawa wa bahari unahitaji presha ya paundi 11 kwa kila inchi ya mraba. Anayeishi mahali pa juu kama Denver lazima aongeze presha. Maharagwe makavu yaliyolowekwa na kuchemshwa nusu saa hukaa dakika 90 katika chupa za lita, au 75 katika zile za nusu lita. Ukijumlisha muda wa kupasha moto na wa kuiacha ipoe yenyewe, kwani haifai kuimwagia maji wala kuifungua mapema, mzunguko mmoja hula karibu saa tatu. Siku ya kusindika ni siku nzima ya familia: binti zetu huchambua maharagwe na kufuta midomo ya chupa, mimi nasimama jikoni nikitazama mshale, na mke wangu ndiye mwenye saa.

Matokeo ya maharagwe ni mazuri kupita nilivyotarajia. Usiku wa Januari, nje kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, unafungua chupa, unakaanga kitunguu, na baada ya dakika kumi githeri iko mezani. Malenge yaliyokatwa vipande pia hutoka vizuri, lakini yasipondwe, kwa sababu hakuna muda uliothibitishwa kuwa salama kwa malenge yaliyopondwa.

Sukuma wiki na managu, kwa upande mwingine, siwezi kuzipendekezea sufuria hii. Dakika 90 za presha huzigeuza uji wenye rangi ya kijivu, na mama mkwe alionja kijiko kimoja akasukuma sahani. Mboga hizo sasa tunazitumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika tatu, tunazipoza kwa barafu na kuziweka kwenye friza, na zinabaki na utamu wake.

Nyanya hazihitaji presha, mradi uongeze vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya chupani katika kila chupa ya lita moja, kwani uchachu wake hubadilika kwa aina na msimu. Onyo langu kubwa ni kwa wapenzi wa mchuzi wa nyumbani: kitunguu, saumu, pilipili hoho na mafuta hubadilisha hesabu yote, hivyo sindika nyanya tupu na uunge siku ya kula.

Geji ya mshale inapaswa kupimwa kila mwaka, jambo ambalo wengi huliahirisha. Kwa hiyo nashauri ununue pia kizito cha vipande vitatu kinachouzwa peke yake, ambacho hutikisika chenyewe presha inapofika na hakiwezi kupotoka kama mshale. Mpira wa kifuniko nao ubadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Usinunue chupa za bei ya kutupa: nilipata kasha moja kutoka duka ambalo sitalitaja, na mbili zilipasuka ndani ya sufuria pamoja na maharagwe ya siku nzima.

Familia yenye bustani, au inayonunua magunia sokoni mwezi wa Agosti, itaona faida ya sufuria hii tangu msimu wa kwanza. Anayeishi peke yake na kupika kidogo, friza inamtosha.