Jero ya James Bond: uzoefu wangu na banda la video la Kirumba

Kwa wanaouliza kama lile banda la video la Kirumba hapa Mwanza, lile la njia ya kuteremkia soko la samaki la Mwaloni, linafaa kwenda: linafaa. Ila nenda wakati wa mbalamwezi, na ukae mbali na sabufa.

Mbalamwezi naisema kwa sababu. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi wa dagaa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala ufukweni na vijana wanabaki mtaani na hela kidogo na usiku mrefu. Mwenye banda kaliona hilo zamani. Siku za giza anaonyesha mpira na tamthilia za Kikorea kama wenzake wote. Mwezi ukianza kujaa anabandika karatasi mlangoni: filamu za James Bond, yule jasusi wa Uingereza, kwa mpangilio wa miaka, kuanzia Dr. No ya 1962 mpaka No Time to Die ya 2021. Ziko 25 za kampuni ya Eon, na katikati anachomeka Never Say Never Again, ambayo Sean Connery, Bond wa kwanza wa Eon, aliichezea kampuni nyingine mwaka 1983, mwaka uleule Roger Moore, Bond wa Eon wakati huo, alipokuwa na Octopussy. Haziishi kwa mwezi mmoja. Zikikatikia kwa Moore, mbalamwezi inayofuata zinaendelea hapohapo. Kuhusu hakimiliki usiniulize, karatasi niliyoiona ukutani ni ya ratiba tu.

Kiingilio ni jero, yaani shilingi mia tano, kwa filamu, na ndani ya hiyo jero mna haki ya kubisha. Hapa ndipo banda hili linapowaacha mbali mengine. Mwenye banda anakaa na rimoti mkononi, na ubishi ukipamba moto anabonyeza pozi. Hafokei mtu. Anasubiri pande zote zimalize, anaongeza neno lake, na neno lake mara nyingi ni la mtu aliyesoma, kisha anaendelea. Mwanzoni nilikereka, maana nimezoea kuangalia muvi kimya kwenye simu. Siku hizi nikiangalia nyumbani naona kama chumvi imesahaulika.

Mfano ni Live and Let Die ya 1973. Mnaikumbuka ile sehemu Bond ameachwa kwenye kisiwa kidogo katikati ya mamba, halafu anakimbia juu ya migongo yao mpaka ng'ambo. Banda zima lililipuka. Humo ndani kuna watu wanaofahamu mamba kwa kuwaona, wanaovua mpaka kule Ukerewe na Sengerema, wenye jamaa waliopotea majini. Mvuvi mmoja akasimama kabisa: "Ng'wanawane, huo ni uongo! Mamba gani anakanyagwa akatulia?" Pozi. Mwenye banda akaeleza kwamba mamba wale ni wa kweli. Aliyekimbia hakuwa Moore, alikuwa Ross Kananga, mwenye shamba la mamba kule Jamaica walikopigia picha, na alijaribu mara tano ndipo ikakubali. Watengenezaji walimpenda kiasi cha kumpa adui wa filamu jina lake. Banda likatulia kidogo, mpaka mwenye banda alipoongeza kwamba mamba walikuwa wamefungwa miguu. "Ehee! Sasa umesema!" Yule mvuvi akaketi ameshinda, na aliyekuwa anambishia akaketi naye ameshinda. Filamu ikaendelea baada ya muda ambao kwingine wangekuwa wamemaliza nyingine.

Sasa kuhusu nani Bond bora. Wazee wanaokaa kwenye viti vya plastiki mbele (mabenchi ni ya sisi wengine, na yana misumari, vaa suruali nzito) ni watu wa Connery na hawahami. Hoja yao kubwa ni From Russia with Love ya 1963, ile ngumi ya ndani ya behewa na Robert Shaw. Fundi boti mmoja, mzee wa heshima, aliwahi kusafiri sana kwa treni ya kati kwenda Dar, na alisema mle ndani ya behewa huwezi kurusha ngumi ya maonyesho, unagombana kwa viwiko na magoti, na ndivyo walivyogombana. Siwezi kumpinga. Goldfinger ya 1964 nayo iliwapata hata vijana, hasa lile gari la Aston Martin linalomrusha abiria nje kupitia paa. Bodaboda wote walitaka irudiwe.

Wa Moore ni watoto na watu wa kucheka. Alicheza saba, kuanzia 1973 hadi 1985, na mpaka leo jitu la meno ya chuma, Richard Kiel kwenye The Spy Who Loved Me, likitokea tu skrini, watoto wanajificha nyuma ya mama zao huku wanachungulia. Ubishi mkali wa kambi hii ulikuwa wa umri. Kijana mmoja alishikilia kwamba Moore aliletwa kwa sababu Connery alikuwa amezeeka. Pozi tena. Moore alizaliwa 1927, Connery 1930. Aliyepokea kijiti alikuwa mkubwa kuliko aliyemwachia, na A View to a Kill ilipotoka Moore alikuwa na miaka 57. Kijana akasema basi ndiyo maana hakimbii. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa.

George Lazenby hakuna aliyekuwa anamjua. Mwanamitindo kutoka Australia, filamu moja tu, On Her Majesty's Secret Service ya 1969, akaondoka, Connery akarudi kidogo kabla ya Moore. Watu walianza kwa kuzomea. Mwisho wake, Bond amefunga ndoa na mkewe anapigwa risasi ndani ya gari siku hiyohiyo, na hakuna aliyezomea. Mama anayekaanga sato pale mlangoni alisema hiyo ndiyo pekee yenye moyo, na hapohapo wazee wakamjibu kwamba angecheza Connery ingekuwa namba moja. Mama akawauliza, mlishawahi kumwona Connery analia? Wakahamia mada nyingine.

Mimi ni mtu wa Timothy Dalton, na nitajitetea. Licence to Kill ya 1989 haina satelaiti za kuteketeza dunia. Rafiki yake Bond anatupwa kwa papa na watu wa muuza madawa ya kulevya, serikali inamwambia Bond aachane nayo, anagoma, wanamnyang'anya kibali, anaenda peke yake kulipiza. Kila mtu bandani aliielewa bila kusimuliwa. Ile sehemu ya mwisho ya malori ya mafuta, Bond akilipandisha lori kwenye matairi ya upande mmoja ili kombora lipite chini, dereva mmoja anayepeleka mizigo Kigali alishika kichwa. Watu wanamsifu Daniel Craig, aliyeingia 2006, kwa kuleta Bond mkali asiyetabasamu ovyo, lakini Dalton alimleta miaka 17 kabla yake. Kilichomponza ni kesi za kampuni zilizochelewesha filamu iliyofuata, pengo likafika miaka sita. Mwaka 1994 akajiondoa, na GoldenEye ya 1995 ikaenda kwa Pierce Brosnan.

Brosnan ana wafuasi wa rika langu, waliokua na kanda za VHS. Kile kifaru cha GoldenEye kinachobomoa mitaa ya St. Petersburg bado kinapigiwa mbinja. Ila Die Another Day ya 2002, Bond akiteleza juu ya wimbi kubwa la kompyuta, mbele ya watu wanaolifahamu ziwa likichafuka usiku, hapana. Walicheka vibaya. Nadhani ndicho kicheko kikubwa zaidi kilichowahi kutoka mle, na filamu haikukusudia.

Hapa niseme dosari za huduma, maana si sifa tupu. Baadhi ya nakala zake zimetafsiriwa, yaani msimuliaji anaongea juu ya kila kitu. Kwa Moore haina shida, pengine inaongeza utamu. Kwa Casino Royale ya 2006 ni balaa. Ile meza ya karata Montenegro ndiyo roho ya filamu, macho yanasema zaidi ya midomo, na msimuliaji anapiga soga za mahari na wakwe. Watu walibaki wanauliza kwa nini Bond kaliwa hela, na mwenye banda mwenyewe alipata taabu kueleza poka kwa wachezaji wa lasti kadi. Mwombeni nakala isiyotafsiriwa, anayo, ila lazima uombe kabla hajaanza. Sabufa inaua sauti za watu, unasikia mtikisiko tu. Umeme ukikatika jenereta ipo, mafuta ndiyo huwa yanatafutwa. Choo ni cha jirani na kina bei yake. Kwa kina dada, kuna benchi la upande wa mlango ambalo mwenye banda hamruhusu mwanamume kulikalia, na analisimamia kweli.

Hiyo Casino Royale, pamoja na msimuliaji wake, ilizua jambo karibu na mwanzo. Maandishi yanasema tuko Uganda, waasi kambini, mwenye fedha anakutana na mkuu wao. Humu kuna watu wanaovuka mpaka kila mara kwa biashara ya samaki. "Uganda ipi hiyo? Migomba iko wapi?" Na mbio za juu ya kreni zinazosemekana ni Madagaska zilipigwa Bahamas. Ukumbi uliamua kwa kauli moja kwamba wazungu wakija kupiga picha ya ziwa waje Mwanza wenyewe, mawe tunayo.

Quantum of Solace ilipita, watu walikuwa wanakula. Skyfall ya 2012, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja, iliwanyamazisha wote, na M, bosi wa Bond anayechezwa na Judi Dench, alipokufa mama wa sato alifunga jiko lake akaingia ndani. Lakini fujo yenyewe ilikuwa No Time to Die. Sisi tumelelewa kwamba stelingi hafi. Anapigwa, anaanguka mtoni, anatekwa, lakini hafi. Bond alipobaki kule kisiwani makombora yakamshukia, kuna waliosubiri atokee majini. Majina ya watengenezaji yakapita mpaka mwisho, hakutokea. Wakadai jero zao. Mwenye banda akawasha taa akawaambia filamu imeandika mwishoni kwamba James Bond atarudi, na kwamba sasa kampuni ya Amazon ndiyo yenye usemi juu ya Bond, na mwongozaji aliyetangazwa 2025 ni Denis Villeneuve. Haikusaidia. Kuna mmoja mpaka leo hasalimiani naye.

Mzunguko ukiisha watu wananyoosha mikono kuchagua moja ya kurudiwa bure. Ilishinda GoldenEye, ikifuatiwa na Goldfinger kwa karibu sana, wazee wakidai watoto wasihesabiwe. Licence to Kill ilipata mikono michache ya kuaibisha, mmoja wangu, mmoja wa yule dereva wa Kigali. Mzunguko mwingine unaanza mwezi ukijaa tena. Nimeshaongea na dereva aje na wenzake wa yadi, wote, na jero zao nitalipa mimi.