Boksi la diski za fainali ya besiboli ya Marekani 2016, Cubs wa Chicago na Cleveland: nimeangalia mechi zote saba

Nimemaliza jana usiku. Mechi saba mwanzo mwisho, sijaruka hata zile sehemu mrushaji anasimama anashikashika kofia na mpira hautoki mkononi. Najua wengi mtauliza diski za nini saa hizi wakati kila kitu kipo kwenye simu, so acha nieleze kwanza.

Mi kwetu Tanga ila naishi Chicago toka 2014. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2016 nilikuwa na shifti ya alfajiri, saa kumi na moja natakiwa nishafika jikoni kazini, na Cubs walikuwa wanaongoza 6 kwa 3 kwenye iningi ya nane (iningi ni zamu za kupiga, mechi ina tisa), mechi ya saba, ya mwisho kabisa, zimebaki auti nne tu, yani watoe wapigaji wanne, wachukue ubingwa. Auti nne! Mara Rajai Davis wa Cleveland akapiga homurani, mpira unaovuka ukuta wa uwanja, ikawa 6 kwa 6. Nikazima TV nikalala. Miaka miwili tu nimekaa na majirani zangu lakini walishaniambukiza ile imani yao kwamba hii timu haiwezi kuchukua, itafika mlangoni alafu itaanguka. Saa sita kasoro nikashtushwa na honi za magari barabara nzima, watu wanapiga kelele, jirani wa juu anakimbia kwenye ngazi huku analia. Cubs bingwa. Na mimi nimelala.

Toka hapo nimeangalia kwenye simu vile vipande vya video vya dakika mbili mara nyingi mno, na kila mara naona kuna kitu sikielewi. Ndo maana juzi nilivyoliona hili boksi mtandaoni, la mkono wa pili, mechi zote saba kamili, nikatoa dola 35 bila kubishana.

Kwa ambao besiboli hamuifuatilii, niwaweke sawa kidogo. Cubs mara ya mwisho kuchukua ubingwa kabla ya hapo ilikuwa 1908. Yani kwetu Mjerumani ndo kwanza katoka kwenye vita vya Maji Maji. Alafu fainali yao ya mwisho kucheza ilikuwa 1945, ile ambayo mwenye baa mmoja anaitwa William Sianis alikuja uwanjani na mbuzi wake, wakamtoa, watu wakasema kailaani timu. Na wapinzani nao sio kwamba walikuwa wameshiba, Cleveland mara ya mwisho ilikuwa 1948. Ukijumlisha ukame wa hizo timu mbili unapata miaka 176. Yeyote atakayeshinda, kuna wazee watalia, na yeyote atakayeshindwa pia.

Kingine cha kujua ni kwamba huu mchezo hauna saa. Kwenye soka ukiongoza 3 unaweza kujiangusha, kipa akachelewesha mpira, dakika zikaisha. Hapa lazima umtoe mpigaji wa mwisho kwa mkono wako, hakuna refa wa kukupulizia filimbi ukapona.

Mechi ya kwanza Cleveland wanashinda 6 kwa 0, na mrushaji wao Corey Kluber anarusha mpira unakata kona, wapigaji wanane anawamaliza kwa straiki (mirusho wanayoshindwa kuipiga, tatu unatoka) ndani ya iningi tatu za mwanzo. Mechi ya pili Cubs wanarudisha 5 kwa 1. Hapo muangalieni mpigaji wao Kyle Schwarber. Huyu aliumia goti mwezi wa nne, kano zikakatika, msimu ukaisha, na wakamrudisha fainali akiwa hajacheza ligi miezi sita. Anapiga kama hajawahi kuondoka.

Mechi ya tatu ndo fainali ya kwanza kuchezwa Wrigley Field, uwanja wa Cubs, toka 1945 na uwanja mzima unangoja goli moja tu (naita goli mnielewe), halipatikani, wanafungwa 1 kwa 0 kwa kipigo cha Coco Crisp. Kuna watu wataiona inachosha. Mi nimeipenda kuliko nilivyotegemea, ule ukimya wa uwanja baada ya Crisp kupiga unausikia kabisa kwenye spika. Ya nne nimeiangalia kwa maumivu, Cubs wanafungwa 7 kwa 2, na aliyepiga homurani ya kuwamaliza ni Jason Kipnis, mtoto aliyekulia hapa hapa pembeni ya Chicago. Sasa Cleveland 3, Cubs 1, na kwa kuwa bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne, Cleveland wanahitaji mechi moja tu.

Sasa nifike kwenye lile jambo lililonifanya nikae niandike.

Ile homurani ya Rajai Davis, kwenye vipande vya simu inaonekana kama bahati, jamaa kapiga tu imeenda. Sio kweli. Ukiangalia diski kwa mpangilio unaiona inaanza siku tatu kabla. Mechi ya tano Cubs wanaongoza 3 kwa 2, kocha Joe Maddon anaogopa, anamuingiza mrushaji wake wa kumalizia Aroldis Chapman mapema mno, iningi ya saba, na anamtumia auti nane. Huyu kazi yake ya kawaida ni auti tatu. Mechi ya sita Cubs wako mbali, Addison Russell ameshapiga homurani bezi zote (vile vituo wanavyokimbilia) zimejaa wenzake, wanaongoza 7 kwa 2, na bado Maddon anamuingiza tena Chapman. Nilikuwa peke yangu sebuleni, nikajikuta nasema kwa sauti muacheni apumzike huyo mtu! Kesho yake ndo mechi ya saba.

Na pale iningi ya nane kamera inapomsogelea Chapman, unaona. Mpira bado una kasi lakini hauna ule ukali, wapigaji wa Cleveland wanaugusa, wanausukuma nje, wanaugusa tena. Alafu angalia mikono ya Davis. Kaishika fimbo juu kabisa, kabakiza sehemu kubwa chini ya ngumi zake, kama mama anavyoshika mwiko mrefu kwenye sufuria dogo. Hatafuti nguvu, anatafuta kuwahi tu. Na akawahi. Mpira ukapita chini chini, ukavuka ukuta wa kushoto kidogo tu. Usiku ule nilizima TV nikaamini ni laana ya mbuzi, kumbe ni mkono wa mtu uliochoka.

Baada ya iningi ya tisa ikaja mvua, mechi ikasimama dakika 17. Hizo dakika ndo Jason Heyward aliwaita wenzake kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma akawaambia wao ndo timu bora. Mkutano wenyewe huuoni, kamera hazikuwemo, unabaki na turubai tu uwanjani. Ila ukumbuke Heyward msimu ule alikuwa anapiga vibaya, analaumiwa na mji mzima, na yeye ndo kasimama kuongea. Hilo linanigusa sana.

Iningi ya kumi naomba msiangalie huku mnachati. Schwarber anapiga, anafika bezi ya kwanza, wanamtoa wanamuingiza kijana Albert Almora akimbie badala yake. Kris Bryant anapiga mpira mrefu, unadakwa, auti. Kila mtu macho yako kwa mdakaji. Almora karudi kugusa bezi, anangoja mpaka mpira utue kwenye glovu, alafu anachomoka kwenda bezi ya pili. Ndani ya vipande vya simu hii kitu inakatwa! Na ndo iliyoshinda ubingwa, manake Ben Zobrist alivyopiga ule mpira wa kubana mstari wa kushoto, Almora alikuwa ameshasogea, akaingia nyumbani, bezi ya mwisho inayohesabiwa pointi, bila presha. 7 kwa 6. Miguel Montero akaongeza, 8 kwa 6. Cleveland wakarudisha moja, tena ni Davis yule yule, na mpaka mpigaji wa mwisho nilikuwa nimekunja vidole vya miguu wakati matokeo nayajua miaka yote hii.

Bryant anaokota mpira wa mwisho huku ameshaanza kucheka, mguu unateleza kwenye nyasi zenye maji, anarusha hivo hivo, Anthony Rizzo anadaka. Alafu Rizzo kabla hajaenda kurukaruka na wenzake anauchomeka ule mpira mfuko wa nyuma wa suruali. 8 kwa 7.

Watu wanabishana fainali ipi ni bora. Wazee watakutajia 1975 na Carlton Fisk, wengine 1991 Jack Morris alivyorusha iningi kumi peke yake mechi ya saba ikaisha 1 kwa 0, wengine 2011 St. Louis walivyobakiza straiki moja kufa mara mbili wakafufuka. Na hii ya 2025 Dodgers na Toronto, ile mechi ya iningi 18, nayo haina mpinzani kwa urefu wa roho. Kwa mchezo mtupu pengine 2011 au 2025 zinaizidi. Lakini asubuhi ya siku zile nilipita kwenye kuta za Wrigley nikakuta zimejaa chaki, watu wameandika majina ya baba zao na bibi zao waliokufa wakisubiri, mistari mpaka chini kwenye lami, wengine wamebebwa mabegani wafikie matofali ya juu. Sijaona fainali nyingine inafanyiwa hivo.

Kuhusu boksi lenyewe: picha safi, na unaweza kubadilisha sauti ya TV ukasikiliza watangazaji wa redio, mi mechi ya saba nimeirudia kwa redio na ni utamu mwingine. Cleveland humo bado wana jina la zamani, Indians, na ule mchoro kwenye kofia, siku hizi wanaitwa Guardians. Muuzaji niliyenunua kwake aliandika hali nzuri sana, ila diski ya mechi ya tano imekuja na mikwaruzo, inaganda iningi ya nne, nimemuandikia mara mbili kimya. Niliipangusa kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu ikaenda. Kwa mlioko nyumbani, diski za Marekani mara nyingi zimefungiwa kanda namba 1 na Afrika Mashariki tuko namba 5, hakikisha deki yako inasoma kanda zote kabla hujatuma hela.

Kwangu nyota tano. Kaka yangu anakuja mwezi ujao kutoka Tanga, hajui besiboli hata kidogo, nimeshamwambia tunaanza mechi ya tano Ijumaa, ya sita Jumamosi, na ya saba Jumapili nimeomba off ya Jumatatu.