Siatiki isiyoisha: mazoezi au upasuaji?

Siatiki, yaani maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni na kushuka hadi unyayoni, mara nyingi hutokana na diski ya uti wa mgongo (kijimto laini kati ya pingili) iliyochomoza na kubana mzizi wa neva. Upasuaji huondoa kipande kinachobana, na sifa yake kubwa ni wepesi: wengi huzinduka maumivu ya mguu yameshapoa, ingawa ganzi hukawia kuisha. Mazoezi ya fiziotherapia hayana miujiza hiyo. Unakaa kitini, unanyoosha goti polepole mpaka mguu uanze kuvuta, unarudisha. Kesho tena, na wiki ya tatu bado unachechemea. Lakini diski nyingi hunywea zenyewe, na baada ya mwaka 1 hivi tofauti kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa huwa ndogo. Ndiyo maana mimi ningeanza na mazoezi, hasa kutembea (kushinda kitandani hukaza mwili tu). Kisu ningekifikiria maumivu yakigoma kwa wiki 6 hadi 12, au mguu ukizidi kulegea. Ukishindwa kuzuia mkojo, au ganzi ikishika sehemu za siri, hapo hakuna kulinganisha: hospitali leo leo.