Kozi za kiangazi Regent College, Vancouver: wiki moja inayokula miezi miwili

Kwenye orodha ya kozi za kiangazi za Regent College, chuo cha theolojia kilichoko Vancouver, Kanada, neno linalovuta macho ni "wiki moja". Mchungaji mwenye likizo ya siku 28 anapiga hesabu: safari siku tatu, darasa siku tano, kurudi siku tatu, anabakiwa na zaidi ya nusu ya likizo yake. Hesabu hiyo ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu imehesabu darasa na kusahau kozi.

Vyuo vya Marekani na Kanada hukadiria kwamba krediti moja, yaani kipimo cha uzito wa kozi, ni kama saa 45 za kazi, ukijumlisha mihadhara, kusoma na kuandika. Kozi ya krediti 2 basi ni saa 90. Siku tano za darasa, saa tatu kila siku, zinakupa saa 15. Saa 75 zilizobaki hazijapotea. Ziko nyumbani kwako, kabla ya safari na baada yake. Si ajabu kukuta kurasa 800 za kusoma, na kwa Kiingereza cha kitheolojia msomaji makini hupita kurasa 20 kwa saa. Hizo ni saa 40. Zinazosalia 35 ni za insha, kuanzia kutafuta mada hadi kusahihisha tanbihi. Kwa anayepata saa mbili kila usiku baada ya watoto kulala, ni usiku 37 au 38.

Akijipanga hivyo, kozi ni nzuri kweli. Asipojipanga atakaa darasani akisikia majina ya vitabu ambavyo wenzake wameshavimaliza, na maswali ya mjadala yatampita kama basi lililojaa.

Chuo chenyewe kina sababu ya kuichukulia kazi hii kwa uzito. Kilianzishwa mwaka 1968, na darasa lake la kwanza kabisa lilikuwa shule ya kiangazi ya mwaka 1969. Wanafunzi wa mwaka mzima walikuja baadaye. Mkuu wake wa kwanza, James Houston, alitokea Oxford alikokuwa akifundisha jiografia, na nia ya waanzilishi ilikuwa kuwafundisha walei theolojia ya ngazi ya juu: mwalimu, muuguzi, mhandisi, mfanyabiashara. Hakimilikiwi na dhehebu lolote. Ndiyo maana hadi leo darasani unakuta daktari wa meno amekaa na mchungaji, na hakuna anayeona ajabu. Seminari nyingine hutumia kiangazi kuziba mapengo ya ratiba. Hapa kiangazi ndicho kilichotangulia.

Faida nyingine ni walimu wageni. Kati ya Mei na Julai chuo huwaita wahadhiri kutoka kwingine, na kozi ya mgeni huenda isirudi mwaka unaofuata. Chagua basi kwa kuangalia mwalimu na somo, halafu ndipo upange tarehe. Anayeanza na tarehe huishia kwenye kozi asiyoihitaji.

Sasa swali la somo gani. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, kozi za Biblia, historia ya kanisa, theolojia ya kiroho na zile za imani na kazi ndizo zenye thamani kubwa zaidi. Upande huo chuo kina urithi mzito: mwanatheolojia J. I. Packer alifundisha hapa tangu mwaka 1979, na Eugene Peterson, mchungaji na mwandishi wa vitabu vya maisha ya kiroho, alikuwa profesa hapa katika miaka ya 1990. Kozi za huduma ya vitendo zinahitaji tahadhari zaidi. Mifano ya uongozi wa kanisa inayotawala vitabu vya Amerika Kaskazini ni ya mchungaji mmoja mwenye kanisa moja, ofisi, katibu na bajeti inayojulikana Januari. Mchungaji wa usharika wenye mitaa minne, wainjilisti watatu na mnada wa mavuno hatapata picha yake humo. Atajifunza, ila kazi ya kutafsiri mazingira itakuwa yake mwenyewe. Mwalimu mzuri akielezwa hali hiyo mapema humruhusu aandike insha kuhusu usharika wake. Omba ruhusa hiyo wiki ya kwanza, kwa barua pepe fupi. Usisubiri hadi tarehe ya mwisho.

Kuna njia mbili za kujiandikisha: kwa krediti, au kwa kuhudhuria bila kupimwa. Ya kwanza inadai shahada ya kwanza, nakala ya matokeo, kazi zote na alama. Ya pili ni nafuu, haina insha, na kwa kawaida haidai shahada. Ushauri wetu ni huu: asiyekuwa na mpango wa kuhamishia krediti kwenye programu yoyote asilipie krediti. Na anayetaka kuzihamisha apate jibu la maandishi la chuo chake kabla hajalipa. Regent ina ithibati ya Association of Theological Schools, chombo kinachosimamia seminari za Marekani na Kanada, kwa hiyo ubora hauna mgogoro. Kinachokwamisha ni ukubwa: kozi ya krediti 2 haiingii kirahisi kwenye nafasi ya somo la krediti 3, na mwanafunzi hujikuta na kipande kisichotosha popote. Cheti cha kuhudhuria, kwa upande wake, ni cha kuweka kwenye faili. Hakipandishi daraja la mshahara.

Insha ndipo alama zinapodondoka, hasa insha ya ufafanuzi wa Maandiko. Chukua Marko 4:35–41, dhoruba ziwani. Mhubiri mzoefu huandika aya moja ya utangulizi, kisha aya ya pili anaanza: "Na sisi tuna dhoruba zetu." Hayo ni mahubiri, na huenda ni mazuri, lakini hayajajibu swali. Msahihishaji anataka kwanza mipaka ya kifungu: kwa nini kianzie mstari wa 35 na kuishia 41. Halafu mahali pake katika kitabu, baada ya mifano na kabla ya mtu mwenye pepo katika nchi ya Wagerasi. Halafu maneno: Yesu anaiambia bahari "nyamaza, utulie", na kitenzi hicho cha pili cha Kiyunani kina mzizi mmoja na kile alichomwamuru pepo mchafu katika 1:25, "fumba kinywa". Ukiliona hilo, una hoja. Matumizi kwa leo hupewa aya moja au mbili mwishoni. Kila wazo lililoazimwa lipewe tanbihi yenye ukurasa; kunakili bila kutaja, hata kwa kusahau, kunaweza kufuta alama zote.

Kozi za lugha ni habari nyingine kabisa. Seminari nyingi za Amerika Kaskazini hubana Kiyunani au Kiebrania cha mwaka mzima ndani ya wiki chache za kiangazi, na humo siku moja ya malaria au mafua ni kama wiki nzima ya muhula wa kawaida. Maneno yanayotokea mara 50 au zaidi katika Agano Jipya la Kiyunani ni kama 310, nayo yanabeba takriban asilimia 80 ya maandishi yote. Ukigawa kwa siku 40 za kozi ya wiki nane, ni maneno 8 kwa siku. Yanawezekana, mradi uanze na kadi 100 za maneno ya kukariri kabla ya kupanda ndege.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao walimu hawauoni. Mwanafunzi anayezungumza Kiingereza hushangaa kitenzi kimoja kubeba mtenda ndani yake. Sisi tunasema "niliandika" kila siku. Kiebrania kinasema kātav, aliandika; nikhtav, iliandikwa. Kinasema mālakh, alitawala, himlīkh, alimtawaza. Hizo ni kauli, kama zetu za kutendwa na kutendesha, ila zinakaa mbele ya kitenzi badala ya mwishoni. Na mizizi yenyewe si migeni: k-t-b (katika kātav herufi b inatamkwa v) ndiyo iliyotuletea kitabu, katibu na katiba kupitia Kiarabu, na m-l-k imetuachia malkia na miliki. Anayelijua hili siku ya kwanza anaokoa hofu ya wiki mbili. Pa kuumia ni irabu, ambazo Kiebrania huziandika kwa alama ndogo: nukta zile chini ya herufi hazina huruma.

Kuhusu viza. Kozi isiyozidi miezi sita, inayomalizika ndani ya muda ulioruhusiwa kukaa, haidai kibali cha masomo. Viza ya mgeni inatosha. Ada yake ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole na picha ni dola 85 zaidi. Wanaokataliwa mara nyingi hawakukosa ada. Walishindwa kumshawishi afisa kwamba watarudi nyumbani. Barua ya chuo peke yake ni nusu ya jibu. Weka na barua ya dayosisi au mwajiri inayotaja tarehe za likizo, tarehe ya kurudi kazini na nani analipa nini, pamoja na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Fedha zilizoingia kwenye akaunti juzi kwa mkupuo, bila maelezo, huzua maswali kuliko akaunti ndogo inayosogea kila mwezi. Maombi yatumwe miezi minne kabla, na tiketi isinunuliwe mpaka pasipoti irudi na viza ndani.

Chuo hakina bweni kubwa la kwake. Wengi hupanga vyumba vya University of British Columbia, ambavyo hukodishwa kiangazi wanafunzi wa kawaida wakiwa wameondoka. Tafuta chenye jiko, maana kula nje Vancouver kutamaliza posho kabla ya Jumatano. Kutoka uwanja wa ndege, treni ya Canada Line inakufikisha kituo cha Broadway–City Hall, hapo unachukua basi namba 99 kuelekea chuo kikuu. Fika siku tatu kabla ya darasa. Tofauti ya saa ni 10, na mwili uliotoka Dar es Salaam utataka kulala saa nane mchana, katikati ya mhadhara. Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo pazia zito au kitambaa cha macho si anasa. Asubuhi kuna ubaridi wa Lushoto. Sweta moja inatosha.

Darasani wanafunzi huwaita maprofesa kwa jina la kwanza. Mtu aliyelelewa na "Mchungaji Daktari" ulimi unagoma. Kusema "Profesa" hakumkeri yeyote, ila kunyamaza kwa heshima kunaeleweka vibaya: huonekana hujasoma. Swali moja kwa siku, lenye namba ya ukurasa, linatosha kubadilisha picha hiyo. Mchana nenda maktaba, ambayo iko chini ya ardhi, bustani ikiwa juu yake, na mnara wa vioo vya rangi wenye seli za umeme wa jua. Wiki moja haitoshi kusoma vitabu vya humo, ila inatosha kupiga picha kurasa chache zinazohusu insha yako, kwa kiasi sheria ya hakimiliki inachoruhusu. Ukirudi nyumbani hutavipata.

Kwa asiyeweza kusafiri, baadhi ya kozi hurushwa moja kwa moja mtandaoni, na hapa saa 10 za tofauti zinageuka kuwa neema au adhabu. Darasa la saa 2:30 asubuhi Vancouver linafika Nairobi na Dodoma saa 12:30 jioni, na linaisha saa 3:30 usiku: umetoka kazini, umekula, unasoma. Darasa la saa 7:30 mchana linakufikia saa 5:30 usiku na kuisha saa 8:30 usiku wa manane. Siku mbili utavumilia. Siku ya tatu utakuwa unasikiliza usingizini. Angalia saa ya kipindi kabla ya jina la kozi, na uulize kama rekodi hubaki wazi na kwa siku ngapi, kwa sababu umeme ukikatika dakika 40 za mhadhara wa saa tatu, rekodi ndiyo itakayokuokoa.