Gleizi ya Vita Akzent Plus: poda, sprei au pesti? Mimi pesti

Wenzangu wa maabara za meno, hii gleizi ya kampuni ya Vita (mpako wa kung'arisha unaochomwa kwenye oveni) nimeitumia vya kutosha kuisemea, hasa kwenye krauni (kofia za jino) za zirkonia na za e.max, zote ni aina za kauri. Ipo ya poda, ya pesti na ya sprei, na wengi tukienda kununua tunaangalia bei tu na ipi inamaliza kazi haraka, ndo maana krauni zingine zinatoka zinang'aa kama sahani mpya wakati jino la pembeni yake halina mng'ao huo kabisa, mgonjwa akicheka tu inaonekana.

Pesti ndo naipenda. Imeshachanganywa, unaikoroga kidogo tu unapata uzito uleule, haichuruziki kwenye mifereji ya jino, ukitaka mng'ao upungue unapaka nyembamba basi. Ila ikaushe taratibu mdomoni mwa oveni kabla hujafunga jamani, ukiikimbiza kile kimiminika kinachemka na vinabaki vitundu juu ambavyo huvitoi bila kusaga na kuchoma upya.

Poda inamfaa mwenye kazi chache maana haikauki kwenye kopo, lakini kipimo cha maji yake kinataka mkono uliozoea. Sprei, ya kampuni yoyote ile, inaokoa muda kweli ukiwa na krauni nyingi za magego, tatizo inaruka kila mahali na ikiingia ndani ya krauni, krauni haikai tena sawasawa kwenye jino, kwa hiyo ziba ndani kwanza.

Kilichonifanya nibaki na Akzent Plus ni kwamba Vita wameitengeneza itumike kwenye kauri za aina tofauti hata kama zinatanuka tofauti kwenye joto, maana gleizi isiyoendana na kauri inapasuka nyufa ndogondogo ikipoa. Kuna na gleizi yao ya LT, ya joto la chini. e.max CAD (e.max inayochongwa kwa mashine) yenyewe inakomaa ovenini kwenye nyuzi 840 hadi 850 za Selsiasi, sasa ukiichoma juu ya hapo kwa ajili ya kung'arisha tu, kingo za krauni yako unazitafutia nini kama si kuziharibu?

Na hata uwe na gleizi nzuri vipi, zirkonia ipolishi vizuri kwanza pale inapokutana na jino la juu au la chini. Gleizi inalika kwa kutafuna, ikiisha ukaacha zirkonia yenye mikwaruzo chini yake inasaga jino la mtu. Madaktari nao wakipunguza krauni mdomoni wapolishi palepale, wasimruhusu mgonjwa aondoke hivyohivyo.