Spika ndogo za sebuleni: ningeanza na zipi

Katika maduka ya elektroniki ya katikati ya Kampala, jicho hukimbilia sabufa: taa za rangi, boksi la besi, na namba nene kama 8000W PMPO. Achana na namba hiyo. PMPO, yaani nguvu ya kilele inayotangazwa kwenye boksi, haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda hujipangia chake. Ulizia RMS, yaani wati ambazo chombo hutoa mfululizo, kisha kigeuze usome nyuma. Chombo kinachovuta wati 60 za umeme hakiwezi kukupa 8000 za muziki. Kwa sebule ya kawaida, wati 40 za kweli zinatosha kabisa.

Chaguo langu la kwanza ni Edifier R1280T. Jozi ina wati 42 RMS, wufa (spika za sauti nzito) za inchi 4, na amplifaya imo ndani, kwa hiyo hununui kitu kingine. Ina miingilio miwili: unaunganisha TV na simu kwa pamoja. Tundu la besi liko mbele, jambo jema kwa nyumba zetu ambamo kila kitu hubanwa ukutani. Ukitaka Bluetooth, chukua R1280DB. Besi yake haitatikisa madirisha, lakini wekea kadongo kamu, gitaa moja na mtu anayesimulia, utasikia hadi kidole kinavyoteleza kwenye waya. Mimi ndicho ninachokitafuta.

La pili ni mtumba: jozi ya zamani kutoka Uingereza, isiyo na amplifaya, ukiwa na amplifaya tayari au ukiipata kwa bei nzuri. Hapa kuna sauti tamu kwa pesa kidogo, ila kagua kwa mkono. Fungua kitambaa cha mbele, gusa ukingo unaozunguka koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti. Ukiwa wa raba, vizuri. Ukiwa wa sponji, huoza kwa miaka. Jozi yangu ya kwanza ilinivutia kwa mbao zake, sikugusa ukingo, na haikumaliza mwezi. Sukuma koni taratibu kwa vidole: ikikwaruza, iache. Beba betri moja ya 1.5V na vipande viwili vya waya. Ukigusisha nyuma ya spika, koni iruke na ilie "tak".

Wharfedale Diamond 12.1 mpya nimeiweka ya tatu kwa sababu ya mfuko tu. Sauti yake inazishinda zote hizi, lakini nayo inadai amplifaya, na bei inapanda.

Sabufa inafuata mwisho. Ya sherehe uani, sawa. Ya kusikiliza maneno ya wimbo, hapana: besi humeza sauti ya mwimbaji.

Umeme wetu ni 240V. Amplifaya iliyotengenezewa Marekani (120V) au Japani (100V) itaungua ukiichomeka bila transfoma. Hata iliyo sahihi, ipitishe kwenye kifaa cha kulinda TV, maana umeme ukikatika hurudi kwa kishindo.

Ukifika nyumbani, usizipandishe spika juu ya kabati. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi, na nafasi kati ya spika mbili ikaribiane na umbali hadi kiti chako. Sakafu ikiwa ya vigae, tandika zulia mbele yake kabla hujailaumu spika kwa mwangwi.